Taa Isiyounguza

Mwaka ule Roda alianza kwenda kanisani na mikono michafu. Alitoka nyumbani kwake, kijijini Ruanda, akiwa safi, kitenge kimepigwa pasi, na akikaribia lango la kanisa aliinama kama anayeokota kitu, akavipaka vidole udongo. Mwenye mkono mchafu hadaiwi kiganja. Hutoa kifundo cha mkono, mwenzake akakishika kwa heshima, salamu ikaisha.

Aliyekuwa akimkwepa ni Osea, mdogo wa marehemu mumewe Zabron. Watu wa huko wakisalimiana hawaachiani upesi. Mkono hukaa mkononi mpaka mahindi, mvua na wagonjwa wote wameulizwa. Osea aliigeuza salamu hiyo kuwa koleo. Alibana vidole vya shemeji yake huku akimkazia macho usoni, kama fundi anayesikiliza injini mbovu.

Alikuwa na sababu. Zabron alipofariki, Osea aliitaka mibuni. Wazee wa ukoo wakaamua mjane abaki na shamba maadamu analimudu, na kulimudu kwao kulikuwa na kipimo: siku ya kufungua mavuno, debe la kwanza la kahawa mbivu hukobolewa na mwenye shamba kwa mkono wake mwenyewe, akizungusha mpini wa mashine, ndugu wamesimama wanatazama. Kazi nyingine zote wanaweza kufanya vibarua. Debe lile, hapana.

Na vidole vya Roda vilikuwa vimevimba vifundoni kama muwa. Asubuhi havikukunjika wala kukunjuka. Kikombe cha uji alikibeba kwa viganja viwili, kama mtu aliye mbele ya meza ya Bwana.

Binti yake Recho, anayeuza vitenge Tunduma karibu na mpaka, ndiye aliyemkokota hospitali. Huko waliuita ugonjwa huo baridi yabisi, wakampa vidonge, kisha wakamwelekeza kwa Fides, mtaalamu wa viungo aliyekuwa na kichumba chake huko huko Tunduma. Fides alimweleza kwamba kinga ya mwili wake imeasi, inavipiga vita viungo vya nyumbani mwake yenyewe.

"Kumbe hata mwilini kuna mashemeji," Roda alisema.

Fides hakucheka. Alimvalisha miwani myeusi, akaiwasha taa nyekundu juu ya mikono yake. Roda akangoja joto. Halikuja. Taa ilizimwa, na mikono ilikuwa baridi kama ilivyoingia.

Njiani alimgombeza Recho. Yeye alikulia Mbozi, ambako baridi ya Juni hutolewa mwilini kwa moto wa jikoni, na moto usiochoma alikuwa hajauona. Taa isiyounguza hata mbu ingeponya nini? Alikataa kurudi. Tena, alisema, ikiwa dawa ni wekundu, nyumbani anayo.

Alikuwa nayo kweli: taa nyekundu ya kulelea vifaranga, iliyoning'inia bandani. Aliishusha karibu, akaweka mikono chini yake, akafumba macho. Joto lilikuja, zuri, likapenya mpaka mifupani. Akasogeza mikono karibu zaidi. Vifaranga walijibanza pembeni wakimlilia taa yao. Alipofumbua macho, ngozi ya mgongo wa mkono wa kulia ilikuwa imetuna malengelenge.

Jumapili Osea alimwona, akaja akitabasamu.

"Shemeji, leo udongo umefungwa bandeji?"

Roda alimjibu kwamba ni maji ya moto. Osea akasema kwa sauti ya kusikiwa na watu kuwa maji ya moto hayana adabu, na kwamba atawaomba wazee waje mapema siku ya kufungua mavuno, wasije wakapitwa na jambo.

Kwa hiyo Roda alirudi Tunduma, si kwa imani, kwa hasira. Fides alipokiona kidonda alimfokea kama mtoto.

"Nani alikwambia uivike mikono yako moto? Viungo vyako tayari vinawaka, mama. Ninachokupa ni mwanga, si joto."

"Utaniponya?"

"Siwezi. Ugonjwa utabaki pale pale. Utapungua uchungu, na ukakamavu wa asubuhi, tena kwa muda tu. Vidonge usiache. Ukitaka muujiza, huku nje wanauza."

Roda alimchukia tangu siku hiyo, na kwa kuwa alimchukia alimwamini. Anayetaka kukudanganya hutumia sukari. Kidonda kilipokauka aliikalia taa ile, kila alipoitwa, wanawake hao wawili wakiwa wamenuniana pande mbili za mwanga mwekundu. Asubuhi moja akiwa kwa Recho alijikuta amefunga vifungo vya sweta bila kufikiri. Hakumwambia Fides. Asingempa furaha hiyo.

Siku ya kufungua mavuno ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mibuni. Wazee walikaa kwenye benchi. Osea alisimama karibu na mashine, mikono mifukoni, suruali safi. Debe likamiminwa. Roda akashika mpini.

Mzunguko wa kwanza ulikwama. Osea akageuka kuwatazama wazee. Roda akabadili mshiko, akavuta kwa bega, mashine ikatafuna, maganda mekundu yakaanza kutoka upande huu, na buni zenye utelezi upande ule. Hakwenda kasi. Mara mbili alisimama, akapumzisha vidole, akaendelea. Maumivu yalikuwepo, yalikaa mbali kidogo, kama mbwa wa jirani anayebweka ndani ya ua. Debe likaisha.

Mzee mmoja akasimama, akasema wameona. Wakaanza kuagana.

Osea alikuwa wa mwisho. "Hiyo ni nguvu ya taa, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Si yako."

Mikono ya Roda ilikuwa imejaa utelezi wa kahawa. Siku hiyo angeweza kutoa kifundo cha mkono kwa haki kabisa. Badala yake alijifuta kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, taratibu, akanyoosha kiganja kizima.

"Karibu tena, shemeji."

Osea alikitazama. Wazee walikuwa wamegeuka wanangoja. Mkono wake ulikuwa mkavu, haujagusa hata ganda la buni, lakini aliupinda, akampa kifundo.

Roda akakishika. Akauliza habari za nyumbani, za mahindi, za mvua, zote, wala hakukiachia.