Lolohea na Mkeka Uliochakaa

Bibi Lolohea alikuwa mkubwa kuliko mfalme, na alilijua hilo tangu utotoni. Kwetu Tonga dada humzidi kaka, hata kaka akiwa anatawala kisiwa kizima. Mfalme Moala, mdogo wake, akimwona dada anaingia alikuwa anashuka kwenye mkeka wake na kukaa chini. Watoto wa dada nao huwapita watoto wa kaka. Taufa, mwana pekee wa Lolohea, akimtamani nguruwe wa mjomba alimchukua tu, na mjomba akashukuru. Nimemhudumia bibi huyo miaka mingi, nikimpaka mafuta ya nazi, na sijawahi kumsikia akiomba kitu mara mbili.

Taabu ni kwamba cheo ni kimoja na utawala ni kingine. Utawala hushikwa na mwana wa mfalme, naye ni Fonua, kijana mzito wa maneno lakini mwenye watu na marungu. Moala alipofariki, msemaji wake aitwaye Vake, mtu wa maneno matamu na tumbo lisiloshiba, alianza kumtia Taufa maneno masikioni. Kama unampita Fonua kwa cheo, kwa nini akutawale? Taufa akavimba kichwa. Mama yake alimwonya kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwamba marungu yakianza kazi, Vake hataonekana. Kijana akacheka. Fonua angemuua, hilo tulilijua sote isipokuwa yeye.

Msibani kwetu ni mavazi yanayosema nani ni nani. Walio chini ya marehemu, yaani wanawe na watumishi, hujifunga mikeka mikubwa iliyochakaa na kushinda nje kwenye moshi, wakioka viazi vikuu. Watoto wa dada huvaa mkeka laini na kukaa karibu na maiti. Siku ya maziko Taufa akatokea amejifunga mkeka uliochanika. Jeuri iliyoje! Kila mtu alielewa: anajiita mwana wa Moala, na mwana hurithi. Watu wa Fonua wakaanza kusimama, mikono ikitafuta marungu.

Lolohea, aliyekaa upande wa kichwa cha kaka yake, hakuinuka. Alimtazama mwanawe toka juu hadi chini, kisha akamgeukia msemaji.

"Vake, huyu ni nani?"

"Ni mwanao, bi mkubwa."

"Mwanangu havai matambara. Na Moala alizaa mtoto mmoja tu, yule pale, Fonua. Wengine wote wenye mikeka mibovu ni wapishi. Mpeni huyu shoka akapasue kuni. Na wewe uliyemvisha mfuate, ukapulize moto. Si una pumzi nyingi?"

Kicheko kilianza kwa wanawake kikaenea uwanja mzima, mpaka na watu wa Fonua wakakaa wakijifuta machozi. Nani atampiga rungu mpishi? Neno la dada wa marehemu halirudishwi msibani, kwa hiyo Taufa alipasua kuni hadi mfalme akazikwa. Fonua akatawala bila damu kumwagika. Lakini aliyekwisha kukaa na watu wa chini mbele ya maiti harudishwi kwenye mkeka laini, na tangu siku ile Taufa hakuchukua tena nguruwe wa mtu.

Alinuna muda mrefu. Mwisho akaja asubuhi moja, mama yake akiwa anasuka, akasimama mlangoni asiingie.

"Mama, umenivua cheo mbele ya watu."

"Nimekuvua," alisema Lolohea, vidole vikiendelea kusuka. "Na kwangu kimeondoka pia, maana nilikizaa mimi, wala sina mwana mwingine wa kukibeba. Ungetaka nikuachie, kisha nikuzike nacho?"

Taufa alisimama pale hadi jua likamfika miguuni, kisha akauliza kama kuna kiazi kilichobaki jana. Lolohea akanituma jikoni. Niliporudi nilimkuta kijana amekaa kando ya mama yake, kwenye udongo mtupu pasipo mkeka, na mama naye ameuacha mkeka wake, ameshuka chini alipo mwanawe.