Upande wa Kulia wa Igoki

Muthamia wa Mikinduri alikuwa na kamera moja, ukuta uliopakwa rangi ya bluu, na sifa ya kumfanya kila mtu atoke vizuri. Mtu mfupi alimpiga picha kamera ikiwa chini, usawa wa magoti, naye akarudi kwake mrefu. Mwenye videvu viwili alimpiga kutoka juu, kidevu kimoja kikapotea. Wazee wa kanisa walimwamini kuliko kioo. Ukitaka ukweli, alikuwa mwongo wa kulipwa, na watu walimpenda kwa hilo.

Mkewe Igoki alipata rovu baada ya kumzaa binti yao, Gacheri. Uvimbe ulikaa kushoto mwa shingo, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Basi kila Krismasi Muthamia alimketisha ubavu, upande wa kulia ukielekea kamera, macho yakitazama dirishani. Majirani walisifu picha zile.

Krismasi ya 1991 Igoki alikataa kugeuka. Alikaa wima, mikono mapajani.

"Baba Gacheri, leo nipige mbele. Mimi si kastoma."

Muthamia akacheka. "Na hiyo shingo nitaiweka wapi?"

Igoki akainuka, akaenda jikoni kumenya viazi. Hakuketi tena mbele ya kamera ile mpaka nimonia ilipomchukua, katika baridi ya Julai 1994.

Gacheri alikuja kutoka Embu alikofundisha, akaomba picha ya kuweka juu ya jeneza. Alipekua sanduku zima la picha, kisha akasema, "Baba, hakuna hata moja yenye anatuangalia."

Hapo Muthamia akakumbuka kitambulisho cha Igoki. Picha yake ilipigwa na karani wa usajili asiyejua pembe wala mwanga: uso mzima, rovu lake, macho yakikutazama moja kwa moja. Muthamia aliwahi kuicheka sana. Na jana yake, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa amempa naibu chifu kitambulisho hicho ili apate kibali cha kuzika, kama sheria inavyotaka. Alikimbia, kofia mkononi, mtu wa miaka hamsini na minane. Naibu chifu alimwambia kwa upole kwamba vitambulisho vya marehemu vilishaondoka na gari la wilaya asubuhi, na huko huharibiwa. Muthamia alihisi amempoteza mkewe mara ya pili, na safari hii kosa lilikuwa lake.

Siku ya mazishi picha ya ubavu iliwekwa juu ya jeneza. Muthamia aliketi mbele, na Igoki, ndani ya fremu, akatazama migomba. Katikati ya mahubiri Muthamia aliinuka, akabeba kiti chake, akakihamishia upande ule aliokuwa akiutazama mkewe. Watu walidhani anakwepa jua. Akainama, akajiinua, akasogea tena hadi kupita jeneza, kama alivyofanya mbele ya wateja miaka yote ile. Kutoka huko aliona mgongo wa fremu tu, na misumari minne aliyoigongelea mwenyewe.