Mfuko wa Bosi ni Mdogo Kuliko Mkate

Jua ndiyo kwanza linagusa dirisha, na juu ya kitanda kimepangwa chuma kitupu: spana mbili ndefu za kushikia mabomba, bisibisi, nyundo, msumeno, na mkebe wa mipira ya kuzibia pampu. Kamba nene imeviringwa miguuni pa kitanda. Pembeni, karibu na mto, kuna mfuko mdogo wa kitambaa. Ukiweka mkate kando yake, mkate ndio unaoonekana mkubwa.

"Huo ni wa Bosi," anasema fundi, huku akikaza kamba ya mfuko wa vifaa kwa meno. "Safari ya siku nne. Vyake vyote vimo humo."

Bosi mwenyewe, mwenye miezi tisa na meno mawili, ameketi sakafuni akigonga sufuria kwa kijiko. Jina hilo alipewa na watu wanaofanya kazi na fundi, mama yake. Wanasema kisimani kila mtu hutoka jasho isipokuwa yeye, ambaye huwatazama tu na mara mojamoja kuwapigia kelele.

Fundi anaufungua mfuko bila kubembelezwa. Shati moja la akiba. Kofia. Nepi mbili za kitambaa. Ya tatu mwenyewe ameivaa. Kipande cha sabuni na kikombe cha bati. Basi.

Na maziwa?

Anajigonga kifuani kwa kidole gumba. "Ghala liko hapa. Halimwagiki, halichachi, wala halitaki kuni."

Nepi nazo zina utaratibu wake. Moja imevaliwa, moja imefuliwa na inakauka juu ya mzigo akiwa anatembea, na moja inasubiri zamu. "Ukibeba kumi, utakuja kufua kumi kwa mpigo. Ukibeba tatu, unafua moja na kusahau."

Mama mkwe wake amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo begani. "Mweleze mgeni na habari ya beseni," anasema.

"Ya beseni utaeleza mwenyewe, Mama."

"Mimi? Mimi nina vyombo vya kuosha," anajibu bibi, na kutoweka. Kicheko chake kinasikika mpaka uani.

Fundi hutengeneza pampu za mkono, zile za visima virefu, katika vitongoji ambako barabara ya magari inakufa kabla ya kufika. Lori humshusha mwisho wa njia, na kutoka hapo ni miguu yake na mgongo wake. Kazi hii ameifanya kwa miaka minane. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu na huonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Posho ya safari za fundi ndiyo inayolipa kodi ya vyumba viwili wanavyoishi.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, mambo yalikwama mahali pamoja: Bosi alikataa chupa. Walijaribu kikombe, wakajaribu kijiko, wakajaribu kumvizia akiwa usingizini. "Alifunga mdomo kama mlango wa benki siku ya sikukuu," anasema mama yake. "Ni mimi, au njaa."

Kwa hiyo zikabaki njia mbili, kuacha kazi au kumbeba. Alikwenda kwa msimamizi wake na kumweleza wazi.

"Mtoto hanihusu," msimamizi alimjibu. "Pampu ndiyo inayonihusu. Ikitoa maji, hata ukija na ng'ombe sawa. Ila siku nikisikia kazi imeharibika kwa sababu ya mtoto, natafuta fundi mwingine."

Nyumbani lilikuwapo baraza jingine, na hilo halikuwa na rufaa. Mama mkwe alikuwa amelea watoto saba, na wote wako hai. "Mtoto hasafirishwi kama spana," alitamka. Baada ya mvutano wa siku kadhaa akatoa hukumu: "Nitakwenda nawe safari moja. Nikimwona mjukuu wangu anateseka, tukirudi unawapelekea wenyewe vyuma vyao."

"Nilikubali kwa mdomo," anasimulia fundi. "Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuziaga zile spana."

Bosi alikuwa na miezi sita. Usiku wa kuamkia safari, bibi alitandaza sakafuni mahitaji ya mjukuu: beseni la kuogea, mablanketi, mto, chandarua, taulo, poda, mwavuli, kopo la unga wa uji, na chupa za maziwa asiyoyanywa.

"Mama, kwani tunahama?"

"Mtoto ana mambo mengi."

"Mtoto ana mambo mawili tu, kula na kulala."

"Na la tatu?"

"La tatu nitafua."

Walivutana kitu kwa kitu, na beseni, mto na mwavuli bibi akaapa kuvibeba mwenyewe. Fundi aliposhika blanketi la pili na kulirudisha kabatini, alitoa somo ambalo angekuja kulijutia: "Kanuni ni hii, Mama. Ukiona viwili vinafanana, kimoja ni mzigo. Kiache." Bibi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amelipokea somo, tena vizuri mno.

Asubuhi, fundi akiwa bafuni, bibi aliufungua mfuko wa vifaa kutafuta nafasi ya lile blanketi. Akakuta spana mbili, ndefu sawa, nene sawa, pacha watupu. Akakumbuka kanuni. Moja akailaza chini ya kitanda chake, na mahali pake akashindilia blanketi na kopo la unga. Lori likapiga honi. Fundi, ambaye hukagua mfuko wake kila safari, siku hiyo aliunyanyua tu, akaona uzito ni uleule, akatoka mbio.

Waliposhuka mwisho wa barabara, mwinuko wa kwanza wa mlima ulitosha kumfundisha bibi mengine. Beseni aliliacha kwa muuza chai. Mto akampa mjamzito waliyekutana naye njiani. Mwavuli aliugeuza fimbo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ulikuwa wake mwenyewe, na usufi wake ulikuwa na mawe. Fundi alitembea mbele, vyuma mkononi na kichwani kwa zamu, Bosi mgongoni ndani ya mbeleko, shavu limelala kwenye shingo ya mama yake.

"Nilikuwa namtazama mtoto tangu tunaanza kupanda," anakiri bibi, ambaye sasa amerudi mlangoni bila vyombo vyovyote. "Nilikuwa nangoja alie ili nipate la kusema. Hakulia. Wala hakuuliza beseni lake."

Kitongojini watu walikuwa wamepanga ndoo tangu mapema. Pampu yao ilikuwa imekufa kwa miezi mingi, na walikuwa wakiteka maji bwawani, mwendo wa kuchosha kwenda na kurudi. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee mwembamba mwenye sauti ya kengele, aliwapokea kwa heshima zote.

Fundi akafungua mfuko. Likatoka blanketi. Likatoka kopo la unga. Ikatoka spana moja.

Ili mpira wa pampu uliochakaa, ulio chini kabisa kisimani, ubadilishwe, mabomba yote hupandishwa juu, moja baada ya jingine, kila moja likifunguliwa kutoka kwa linalolifuata. Spana moja hushika la chini, ya pili huzungusha la juu. Ukiwa na moja, mlolongo mzima unazunguka nawe, na mabomba yakichoropoka yanazama kisimani moja kwa moja. Kisima kinakuwa kaburi.

Fundi alimtazama mama mkwe wake. Mama mkwe alilitazama blanketi, kisha akatazama mawingu.

"Spana ya pili iko wapi?" aliuliza mwenyekiti.

"Nimeisahau, Mzee."

"Fundi anasahau spana, anakumbuka blanketi!" Kwenye mstari wa ndoo wengine walicheka, wengine wakasonya. "Mtoto amekula ubongo wako, binti yangu. Hii siwezi kuinyamazia. Jioni nampigia simu msimamizi wako."

Bibi alifungua mdomo, ukafungika wenyewe. Anasema hajui ulimi ulikwenda wapi siku ile.

Fundi alikaa kwenye ukingo wa saruji, akatazama kisima, akatazama watu. Kisha akafungua fundo la mbeleko kifuani, akamkabidhi bibi mtoto. Ilikuwa mbeleko ya kitambaa kizito, ndefu kuliko mtu. Akaomba majivu makavu na mti mgumu, akaletewa mpini wa jembe. Akalipaka bomba la chini majivu ili lisiteleze, akalizungushia mbeleko, mzunguko juu ya mzunguko, akaikaza kama anayekamua nguo, na mwisho wake akaufunga kwenye mpini. Mti ulipovutwa, kitambaa kiliuma bomba kama meno.

"Nguo inashika chuma?" mwenyekiti alinong'ona.

Wanawake wawili walitoka mstarini wakashika mti. Wanaume wakashika kamba ya kupandishia mabomba, na fundi akaweka spana yake kwenye bomba la juu.

"Kazeni! Hapohapo. Mtu asipumue!"

"Tusipumue mpaka lini, Fundi?"

"Mpaka bomba likubali!"

Likakubali. Likafuata la pili, na la tatu. Kila moja lilipolazwa kwenye nyasi, watu waliguna kama waliotua mzigo wao wenyewe. Hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wakitazama mwanamke mmoja akivuta chuma kutoka tumboni mwa ardhi kwa nguo ya kubebea mtoto.

Katikati ya kazi Bosi alidai haki yake. Fundi aliketi juu ya mabomba, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni. Akainyoosha hewani, mbali na mtoto, kama mtu aliyesalimu amri. Bibi akapiga magoti mbele yake, akafungua vifungo vya shati la mkwe wake, akamshika mjukuu kwenye ziwa mpaka akashiba. Mtoto alipomaliza, bibi alimfunika kwa kilemba chake, naye akalala mapajani pa bibi aliyeketi kwenye ardhi tupu.

"Hapo ndipo nilipoona," anasema bibi polepole. "Nilikuwa nimebeba nyumba nzima, na nyumba ya mtoto ilikuwa pale tayari. Kifua, mapaja na kivuli."

Mpira wa zamani ulipotoka ulikuwa umelika, mwembamba kama ganda la kitunguu. Mpya ukawekwa, mabomba yakarudi chini kwa zamu, na jua likiwa limeinama fundi akashika mpini wa pampu.

Kwanza ilikuja hewa, ikakohoa. Ikaja kutu. Yakaja matope mekundu, kidogokidogo. Kisha bomba likatoa sauti ya kina, na maji yakatoka, meupe, baridi, manene kama mkono wa mtu.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Ule umati wote ulisogea polepole, ndoo mkononi, kana kwamba kishindo chochote kingeyarudisha chini.

Bibi alisogea na mjukuu wake. Akaushika mguu wa Bosi, akauweka chini ya maji. Mtoto alishtuka, akauvuta. Akayatazama yale maji. Kisha akaurudisha mguu mwenyewe.

"Maji nimekunywa maisha yangu yote," bibi alisema, machozi yakimlengalenga. "Sijawahi kuyaona yakizaliwa."

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kujaza kikombe. Alikunywa, akafuta mdomo, akatoa simu. Kazi aliiona, lakini ahadi ni ahadi, na suala la spana lilikuwa bado limemkaa kooni.

"Mzee, ngoja," bibi akasema, na safari hii ulimi ulikuwapo. "Ile spana niliitoa mimi. Iko chini ya kitanda changu. Niliona zinafanana, nikasema moja ni mzigo. Mke wa mwanangu hakusahau kitu. Amenisitiri tu mbele zenu. Na mtoto hajala ubongo wa mtu yeyote, amenyonya maziwa yake akalala."

Mwenyekiti alimtazama bibi, akamtazama fundi, ambaye alikuwa ameinamia mabomba akijitia hamnazo.

"Sasa msimamizi nimwambie nini?"

"Mwambie pampu inatoa maji. Na mwambie msafara ulikuwa na mzigo mmoja wa ziada, wenye miguu miwili, na kesho unarudi nyumbani kukaa."

Vicheko vilivyofuata ndivyo msimamizi alivyovisikia kwanza simu ilipopokelewa. Hajawahi kuuliza tena habari za mtoto.

Njiani kurudi, wawili hao waliongea machache. Bibi alikuwa amembeba Bosi kwa mikono, maana mbeleko ilikuwa imechanika vibaya. Walipokaribia barabara alisema tu, "Uende naye, mwanangu. Mimi nitakushonea nyingine." Fundi anasema alitembea mbele kidogo ili asionekane uso.

Tangu siku hiyo Bosi amekwenda kila safari. Asubuhi hii yupo tena mgongoni, na fundi amekagua spana zote mbili, mara moja yeye na mara moja mama mkwe. Wanakwenda ng'ambo ya milima, kwenye visima ambavyo fundi hajavifikia kwa zaidi ya mwaka.

Wale wanawake wawili walioshika mti wameshajua kubadilisha mpira bila msaada, na fundi amewaombea vifaa ofisini. Bado hajajibiwa, lakini hajakata tamaa.

"Nataka kabla mtoto huyu hajaanza shule, kila pampu kwenye njia zangu iwe na mwanamke wa palepale anayeweza kuifungua na kuifunga," anasema akikaza fundo kifuani. "Siku hiyo nitazipita njia hizi mikono mitupu. Nitabisha hodi, nitaomba maji ya kunywa kama mgeni yeyote, nitakunywa, nitashukuru, niende zangu."

Lori linapiga honi. Bosi anaitikia kwa kelele.