Karani wa Utamaduni na Magitaa Yasiyo na Nyaya

Karani wa utamaduni hulamba ncha ya kalamu ya risasi kabla ya kila neno. Leo, katika ukumbi wa sinema wa Kariakoo, Severa mfagizi anamwona kailamba mpaka midomo imeingia weusi. Filamu fupi ya bendi ya Wazungu inarudiwa mara ya nne. Karani ndiye anayeikagua: akiipitisha kimakosa, atahamishwa. Akiizuia bila sababu, ataulizwa.

Karani akamgeukia Severa: “Mama, magitaa ya umeme hayana nyaya, mbona yanalia? Na shati la mwimbaji limebadilika, ubeti haujaisha.”

“Na moshi wote ule, mwanangu, hakuna anayekohoa.”

Karani akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akalitazama swali la fomu ya ukaguzi: Filamu inafundisha nini? Akaandika taratibu: Haijaeleweka. Irudiwe kesho, na mfagizi awepo.