Karatasi Namba Kumi na Moja

Ijumaa iliyopita nilimfokea mtu mzima mbele ya watoto, na sijutii. Alikuwa ameweka kikombe cha karak, chai ya maziwa ya moto, kimejaa hadi mdomoni, kwenye meza niliyopanga michoro ya mashindano. Mtu wa watu, mpole, analinda lango la jengo fulani kule The Pearl na alikuja tu kutusaidia kubeba viti. Nilimwambia akiondoe kikombe na asikirudishe. Akakiondoa. Baadaye nilimsikia akimuuliza mwenzake kama huwa niko hivyo kila siku, na mwenzake akamjibu kwamba leo hata nimepoa.

Wewe tumejuana siku nyingi, wewe nitakueleza. Hao wengine waendelee kudhani nina kisirani.

Mwaka huu mashindano ya uchoraji ya watoto wetu hapa Doha, watoto wa Wakenya na Waganda, yaliangukia mikononi mwangu, na nikaweka masharti kabla hata ya kukubali. Karatasi ni za aina moja kwa wote. Michoro itumbukizwe na watoto wenyewe kwenye boksi lililofungwa. Mzazi mwenye mtoto mashindanoni asiwe jaji, na hapo nilianza na mimi mwenyewe, kwa kuwa binti yangu anashindana. Kwenye kikao mmoja akaniuliza kama tunapanga michoro ya watoto au mtihani wa taifa. Nikamwambia haya sikuyatunga mimi, nilifundishwa na yaliyonipata mtaani Abu Hamour nikiwa na miaka tisa, na yaliniliza.

Tuliishi kwenye villa iliyogawanywa vyumba, familia saba nyuma ya lango moja la chuma. Mama alikuwa muuguzi, baba dereva wa familia moja ya Muaither. Jiko lilikuwa moja kwa wote, na ukiingia saa sita mchana pua yako ilisafiri bila pasipoti: samaki wa kupaka huku, karanga za Waganda kule, na katikati mama yangu akisonga ugali wa unga uliokuja kwenye sanduku la mtu aliyetoka likizo. Unga huo uliheshimiwa. Ukiumwaga, ulisikia jina lako lote, hadi la ukoo.

Majira ya joto maji ya tangi la juu ya paa yalichemka yenyewe. Basi tulizima hita na kuoga kwa bomba la maji ya moto, kwa sababu hapo ndipo yalikuwa yamepoa. Mpaka leo mgeni akifika kutoka nyumbani humfundisha hilo kwanza. Kazi yetu watoto ilikuwa kufuta vumbi madirishani kila upepo ulipotulia, na kukinga maji yaliyodondoka kwenye viyoyozi tunyweshee sukuma wiki. Sukuma hiyo ilipandwa kwenye ndoo za rangi nyuma ya villa, kila familia na ndoo yake, na ole wako uchume kwa jirani.

Ijumaa jioni, wa kanisani wakiwa wamerudi na wa msikitini wamelala kidogo wakaamka, tulikusanyika majlisi, ile sebule kubwa ya villa ambayo haikukodishwa. Hapo mwalimu wetu alitufundisha Kiswahili. Siku nyingine alikuwa msaidizi katika shule ya wadogo, lakini Ijumaa alikuwa mkuu wa shule, na alitembea hivyo. Ndiye aliyeanzisha mashindano ya kuchora. Mada ilikuwa moja kila mwaka: Nyumbani. Mchoro wa kwanza ulichapishwa juu ya kalenda ya mwaka mzima, na kalenda hiyo ilipakiwa kwenye masanduku ya wanaokwenda likizo.

Mimi nilitaka kalenda hiyo kuliko kitu chochote. Nyanya yangu alikuwa Kitale na nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani. Kwa simu alinisimulia ng'ombe wake mmoja mmoja, nani mkorofi, nani ana mimba. Nilitaka aamke kila asubuhi akute mchoro wangu ukutani, awaambie majirani, huyu ni mjukuu wangu wa Doha.

Mwaka uliotangulia mashindano yalikuwa yameleta maneno. Majina yalifichwa, kweli, lakini karatasi zilisema. Mtoto wa hotelini alichora nyuma ya menyu, mtoto wa ofisini kwenye karatasi za printa, na mimi nyuma ya fomu za hospitali zilizoharibika. Jaji alijua mtoto wa nani ni yupi kabla hajaona hata mstari. Mwalimu akasema mwamba ngoma huvutia kwake, na safari hii ngoma hataiachia mtu. Akanunua karatasi nene nyeupe, akampa kila mtoto moja. Moja tu. Nyuma ya kila karatasi aliandika namba, na orodha ya majina akaifungia kabatini mwake. Mzazi haruhusiwi kuona mchoro wala kushika rangi. Majaji walikuwa watatu na wote walikuwa na watoto, kwa maana pale villa asiye na mtoto alikuwa paka peke yake. Alimchukua jirani yetu wa Mombasa, mpaka hina aliyefuatwa na mabibi harusi kutoka mbali. Akamchukua mpishi wa Kiganda aliyepamba keki hotelini. Wa tatu akamchukua mama yangu, ambaye hajui kuchora hata kikombe, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumshika na uongo.

Karatasi yangu ilikuwa namba kumi na moja. Nilichora wiki mbili nzima, chini ya kitanda, kwa tochi, kama mwizi. Nyumba ya nyanya, mabati, ng'ombe wanne. Alhamisi ya mwisho niliibeba hata kwenye gari, nimeilaza mapajani uso chini ili mama asiione, kwa sababu mdogo wangu nyumbani hakuaminika. Baba akasimama mbele ya kibanda cha chai, akapiga honi, kijana wa kibanda akaleta vikombe vitatu vya karak dirishani. Baba hajang'oa gari vizuri, mtu akamkatiza mbele. Akafunga breki. Chai yangu yote ikaenda mapajani.

Mama aligeuka. Aliona mgongo wa karatasi, na doa la kahawia likitambaa kwenye kona ya chini. Akaangalia kwanza kama nimeungua, ndiyo kazi yake, kisha akasema pole mwanangu. Nililia hadi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu kuomba karatasi nyingine. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa kitambaa nipenge kamasi, akasema, "Nikikupa ya pili, wenzako nitawaambia nini?" Mlango ukafungwa polepole.

Nilikaa na karatasi yangu iliyojikunja. Doa lilikuwa limepenya hadi mbele, chini ya miguu ya ng'ombe. Nililitazama kwa chuki, halafu kwa chuki kidogo, halafu nikakumbuka nyanya aliniambia ng'ombe wake hunywa bwawani na maji yale ni ya rangi ya chai. Nikachukua krayoni nyeusi, nikazungushia ukingo, nikaotesha matete, nikamwinamisha ng'ombe mmoja anywe. Rangi ile haikuwa kwenye boksi la krayoni la mtoto yeyote. Nakwambia bila haya, lilikuwa bwawa zuri.

Ijumaa tulitumbukiza michoro kwenye boksi la televisheni lililokatwa mdomo mwembamba juu. Majaji wakaingia majlisi, mlango ukafungwa, sisi tukakaa ngazini tukila mahamri bila kusikia ladha. Jioni mwalimu akabandika alama ukutani, kila jaji alama kumi. Nikatafuta kumi na moja. Mpaka hina, tisa. Mpishi, tisa. Jaji wa tatu, kistari. Na mbele yake mwalimu ameandika: imetolewa.

Aliyeshinda alikuwa na ishirini na tano. Hesabu hiyo nilikuwa naiweza. Nilikuwa na kumi na nane. Nilihitaji nane kutoka kwa mama yangu mzazi.

Yaliyotokea ndani alinisimulia jirani wa Mombasa siku ya pili, akikanda unga, maana yeye siri hukaa naye mpaka asubuhi tu. Mwalimu alikuwa akiinua mchoro, majaji wanaandika alama, kisha anaugeuza na kuulaza kifudifudi. Alipoulaza namba kumi na moja, mama akaona doa nyuma. Mkono ukamruka mdomoni. Wenzake wote wawili wakamwona.

"Hii ni ya binti yangu," mama akasema. "Itoke."

"Jamani, mtoto ana kosa gani?" jirani akamuuliza.

"Hana kosa. Lakini mmeniona uso. Michoro mitano bado, na mtaipa alama mkijua wangu yuko pale na amefikia wapi. Hao watano nao wana mama zao."

Mwalimu alitaka kumwita jaji mwingine. Mama akakataa. Akachukua karatasi yake ya alama ya namba kumi na moja, akaichana vipande vidogo, akavitia mfukoni. Kalenda ya mwaka ule ilikuwa na kuku.

Sikusema na mama siku nne, na ukijua chumba chetu kilivyokuwa kidogo utaelewa hiyo ni kazi ngumu. Alinipikia chapati, nikala, sikusema. Baadaye tukazungumza, maisha yakaendelea, lakini jambo lile hatukuligusa. Mchoro wenyewe aliuweka kwenye sanduku la mtu aliyekwenda likizo, ukafika kwa nyanya. Mimi nilijua ameuondoa machoni pake. Na nilikua nikiamini kitu kimoja kwa uhakika, kwamba mama hakutaka kunipa nane. Kwamba alitafuta njia ya kutonipa.

Sasa mama amestaafu, yuko Kitale kwenye shamba lile lile. Nilipokabidhiwa mashindano haya nilimpigia kumuuliza namna ya kufunga boksi. Tukazungumza ya boksi, tukamaliza, na kabla sijajizuia nikasema, "Mama, ile namba kumi na moja. Ungenipa ngapi?"

Akacheka. "Ningekupa? Nilishakupa. Mwalimu aliuinua mchoro kwanza, nikaandika tisa. Ndiyo akageuza, nikaona ile chai."

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya jikoni.

"Uliandika tisa hujui ni yangu?"

"Ningejua ni yako ningeandika? Nilisema moyoni, huyu mtoto aliyechora haya maji, mama yake ana bahati. Nilijivunia vibaya siku ile. Ilibidi niende bafuni."

"Na mbona hukuniambia, miaka yote hii?"

"Hukuniuliza. Ulininunia siku nne, nikajua siku ukitaka utauliza."

Nililia, nakwambia ukweli, mwanamke mzima mwenye vikao na funguo za ofisi. Maana mama yeyote atakusifu, ndiyo mama. Tisa ile mama yangu aliitoa kabla hajawa mama yangu, na nilikuwa nimeishi bila kuijua.

Villa haipo tena. Nilipita pale Jumamosi, kumejengwa duka la vipuri vya magari, na mahali palipokuwa na ndoo za sukuma pameegeshwa pikipiki za wapeleka chakula. Hakuna aliyebaki. Huku kwetu mkataba ukiisha na mtu anaisha, unaamka unakuta chumba kimefagiliwa na mtu amekuachia sufuria. Mwalimu alirudi kwao, namba yake ya hapa haipatikani. Mpishi alikwenda nchi nyingine. Jirani wa Mombasa hunitumia picha za maharusi wake, mikono tu, na bado hawezi kuweka siri. Nyanya alitangulia, na mchoro wangu ulibaki ukutani kwake mpaka mchwa wakaumaliza, wakianzia kwenye ng'ombe. Mama anasema bwawa walilila mwisho.

Ijumaa ile, baada ya kikombe kuondolewa na majaji watatu wasio na watoto mashindanoni kumaliza kazi yao, mchoro wa binti yangu ulikuwa wa tano. Haukupata kitu. Tulirudi nyumbani Muaither naye ameushika mapajani, kimya. Nilikijua kimya kile, nilikifanya mwenyewe siku nne. Nikajiandaa kusubiri miaka.

Hatujamaliza hata mzunguko wa pili wa barabara, akasema, "Mama, ungekuwa jaji ungenipa ngapi?"

Ningeweza kusema kumi. Taa ilikuwa nyekundu na hakuna aliyetusikia.

"Saba," nikasema. "Watu umewachora vizuri sana, huyo mzee mwenye kofia nimempenda. Lakini anga uliharakisha."

Akautazama mchoro wake. Akapitisha kidole kwenye anga. Kisha akasema, "Mkono ulikuwa umechoka," halafu akauliza, "Na nyanya angenipa ngapi?"

"Huyo muulize mwenyewe," nikamwambia, nikampa simu ampigie mama yangu, na nikamwonya ajikaze.