Picha za Kijiji Kabla ya Kubomolewa

Nilipokuwa nasomea uhandisi Guangzhou nilipanga chumba katika kijiji kilichomezwa na jiji. Wenyewe walikiita kijiji bado, ingawa mashamba yao yalikwisha kugeuka viwanda na barabara, na nyumba zilisongamana hata jirani aliweza kumpa jirani mkono dirishani.

Mwenye nyumba wangu alikuwa bibi kizee, mjane. Lugha yake ilikuwa Kikantoni; Kichina nilichofundishwa chuoni alikijua cha kubabaisha, kama mimi. Tuliongea hivyo hivyo, nusu maneno, nusu mikono. Nilimwita Popo, ndiyo bibi kwa lugha yao, naye aliniita Mwanafunzi.

Kisha neno moja jekundu likapakwa kwenye kila ukuta: bomoa.

Asubuhi moja alinigongea mlango. "Mwanafunzi, una kamera?"

"Ninayo, Popo."

"Twende ukanipigie picha. Wanangu hawana nafasi."

Tulianzia kwenye lango la mawe lenye jina la ukoo wa mumewe, watu waliokuja zamani wakikimbia vita kaskazini. Tukaingia ukumbi wa mababu, wenye vibao vya majina ya marehemu na harufu ya ubani. Aliniambia kuwa kuna miaka ukumbi ule ulifanywa ghala la mpunga, na mama mkwe wake akavificha vibao katika banda la nguruwe visije vikachomwa. Kisha kisima. Kilikuwa kimefunikwa kwa nondo. Hapo ndipo alipoteka maji siku ya pili ya ndoa yake, wanawake wote wakimtazama kama atamwaga.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akaendelea kutembea, akatoka nje ya kijiji mpaka chini ya barabara ya juu, akasimama mbele ya nguzo ya zege.

"Piga hapa."

"Nipige nini, Popo?"

"Hapa palikuwa mwisho wa shamba letu la miwa. Nilizaa mtoto wa kike mwaka wa njaa. Hakuwahi hata kukaa. Mtoto mchanga hawekewi kibao ukumbini, basi baba yake alimzika hapa. Walipokuja kuchimba msingi nilisimama pale ng'ambo, nikatazama."

"Hukuwaambia?"

"Ningemwambia nani?"

Nilipiga picha. Nikarudia. Magari yalikuwa yakinguruma juu yetu.

"Kwenu mnafanyaje?" aliniuliza.

"Tunamwombea aliyetangulia."

"Basi mwombee."

Mimi ni Mwislamu wa Tanga, na sikujua mashehe wa kwetu wangesemaje. Lakini mtoto ni mtoto. Niliinua mikono nikaomba kwa sauti ndogo. Yeye hakuelewa hata neno, ila alisubiri mpaka nikapangusa uso, ndipo akatoa chungwa mfukoni, akalimenya na kuliweka chini ya nguzo.

Picha nilizisafisha dukani. Wanawe walipokuja Jumapili wakazipokezana mezani, mmoja akaishika ile ya nguzo.

"Na hii ya nini?"

Niliinamisha macho.

"Mwanafunzi alibonyeza vibaya," bibi alisema. Akaichukua mkononi mwa mwanawe, akaitia ndani ya blauzi yake, akaenda jikoni kutazama wali.

Kijiji kilibomolewa wakati wa mvua. Niliona paa la ukumbi likishushwa kigae kwa kigae, kwa kuwa vigae vile vya kale vilikuwa na wanunuzi. Nyumba nyingine ziliangushwa kwa mashine tu. Bibi alihamia kwa mwanawe mkubwa, ghorofani, upande wa pili wa mto. Nilikwenda kumuaga kabla ya kurudi nyumbani. Nyumba ilikuwa safi, ina lifti na upepo mzuri. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari za mama yangu, na nilipomuuliza za kwake alisema anakula vizuri na analala vizuri, ila hajamjua bado jirani hata mmoja.