Upepo wa Mkuu wa Kitivo

Profesa Endalkachew alizeekea kazi moja tu: kuchunguza hewa ya ndani ya nyumba. Angekuambia moshi wa jiko unazungukaje chumbani, unaanza na mapafu ya nani, na dirisha la ukubwa gani lingeutoa. Addis Ababa nzima hakuna aliyemfikia. Lakini kumfanya mtu afungue dirisha, hilo lilimshinda.

Walipompa ukuu wa kitivo cha uhandisi, amri yake ya kwanza ilikuwa madirisha ya madarasa yaachwe wazi. Loo! Wanafunzi walikuja na mablanketi. Wahadhiri walijitanda shuka hadi puani. Wiki hiyohiyo mhasibu mzee akaamka mdomo umekwenda upande, na kila mtu akajua ni upepo, maana huko huaminika upepo wa dirishani humpiga mtu akaugua. "Upepo wa Mkuu," walisema, huku wanacheka na huku wamenuna. Profesa alieleza, akachora ubaoni, akaleta hata daktari. Wapi! Wakuu wa idara walimsikiliza kwa adabu, kisha kila mmoja akaenda kufunga dirisha lake. Mwishowe aliifuta amri mwenyewe. Uongozi gani huo, jamani, wa kuwabembeleza watu wapumue?

Hayo angeyameza. Lakini Hirut akajifungua.

Hirut, binti yake wa pekee, ana pumu tangu utotoni. Alikuwa kwa bibi yake, mama mzazi wa profesa, katika chumba kilichozibwa kila upenyo kwa matambara ili Hirut na mtoto wasipigwe na upepo. Pembeni palikuwa na jiko la mkaa la kuchemshia kahawa, na juu ya makaa, ubani. Profesa alipoingia alitokwa machozi hata kabla hajamwona mjukuu. Hirut alikuwa anakohoa, kifua kinalia kama filimbi.

"Mama, huyu ataishiwa pumzi. Toa jiko hilo."

"Wewe nilikuzaa chumba hikihiki, jiko liko palepale," bibi alimjibu, akiongeza ubani. "Ulikufa?"

Profesa akatoa chombo chake cha kupimia hewa, akamwonyesha namba zilivyopanda.

"Na hicho kidude chako kimezaa wangapi?"

Majirani waliokuja kumpongeza mzazi wakaangua kicheko. Basi hasira zikampanda. Akang'oa matambara, akasukuma dirisha. Hewa ya mvua ikaingia, baridi na safi. Hirut akaivuta kwa pupa, akafumba macho kwa raha.

Mtoto akapiga chafya.

Kicheko kikakatika. Wote wakamgeukia profesa.

"Baba," Hirut akasema, "funga."

"Mwanangu, wewe ni mhandisi. Nimekufundisha mwenyewe."

"Najua, baba. Yote nayajua." Alikuwa amemfunika mtoto kwa mwili wake. "Lakini akipata hata mafua, watasema mama yake ndiye aliyemwachia upepo. Watalisema mpaka nazikwa. Funga, baba, nakuomba."

Profesa alitamani kupiga kelele, ila hakujua ampigie nani. Akafunga. Nyuma yake Hirut akaanza tena kukohoa. Bibi akamkabidhi matambara, naye akayashindilia moja moja, akaziba hata zile nyufa ndogo zilizokuwa zimesahauliwa, maana alijua vizuri hewa hupenya wapi.